Mji Usio na Maji: Mwongozo wa Kutumia Gemu na Mradi Kuliamsha Darasa

Siku ya kwanza niliyoingiza gemu darasani hapa Moshi niliharibu kipindi kizima. Nilibeba laptopu yangu, nikaazima projekta, nikawaambia Kidato cha Pili wajenge mji. Wavulana watano, wateja wa kudumu wa vibanda vya gemu vya mtaani, waliizingira meza na kuanza kunyang'anyana kipanya. Wenzao sitini na tano wakabaki kutazama migongo. Kengele ilipolia mji ulikuwa umejaa nyumba, na katika dakika themanini sikusikia sentensi ndefu kuliko "weka hapo, weka hapo!"

Kilichookoa siku ni swali moja. Nikiwa nakunja nyaya, msichana mmoja anayeshuka kila asubuhi kutoka Uru, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake, alisema kama anayejisemea: "Madam, mbona watu wa huu mji hawana maji?" Nikaangalia skrini upya. Kweli. Mto ulikuwepo, ila hapakuwa na bomba, kisima wala mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga). Watu elfu kadhaa wanaishi pale, wanalipa kodi, wanalalamikia foleni za magari, na hakuna anayechota hata ndoo moja. Kipindi kilichofuata tulibishana kuhusu maji mwanzo hadi mwisho, na sikulazimika kumwinua mtu kwa jina.

Tangu hapo nafuata njia moja. Gemu inawapa wote sabini kitu kimoja cha kubishania, walichokiona kwa macho yao. Mradi unawatoa nje ya geti wakaangalie nani mkweli, gemu au mtaa. Hatua ni hizi, na zile nilizoandika kwa urefu ndizo zilizonitoa jasho.

1. Tafuta ubishi kwanza, gemu baadaye

Kabla hujapakua chochote, chukua azimio lako la kazi utafute mada ambayo watu wazima wenye akili zao wanapingana. "Taja aina tatu za makazi" haina ubishi, hata ukiileta na muziki. "Kiwanda kijengwe karibu na nyumba za wafanyakazi au mbali?" ina ubishi: kikiwa karibu mtu haliwi na nauli lakini moshi unamfuata chumbani, kikiwa mbali hewa ni safi lakini anaamka saa kumi usiku kuwahi daladala. Kodi ipande ili zimamoto wapate gari, au ishuke ili wafanyabiashara wasihamie Arusha?

Kipimo changu ni rahisi. Nasimama jikoni kwangu, natetea upande mmoja dakika mbili, kisha wa pili dakika mbili. Nikikwama, swali nalifuta.

2. Chagua gemu inayokubali kusimama

Gemu wanayoijua watoto wetu ni ile ya mpira, ya vibandani. Haifai kwa kazi hii kwa sababu haimwachii mtu nafasi ya kufikiri, achilia mbali kusema. Unataka gemu ya polepole, inayosimama ukiiambia, isiyokula bando, isiyo na damu, na ambayo aliyekaa nyuma kabisa anaona kinachotokea.

Mimi natumia Micropolis. Ni ile ile SimCity ya mwaka 1989, iliyobuniwa na Will Wright wa Marekani. Mwaka 2008 msimbo wake uliachiwa huru ili utumike kwenye zile laptopu ndogo za watoto za mradi wa One Laptop per Child, na ikapewa jina hili kwa sababu lile la kwanza lina mwenyewe. Kuna toleo linalofunguka kwenye kivinjari na toleo la Java unaloweka kwenye kompyuta ukasahau intaneti. Picha zake ni za kizamani na watoto watacheka dakika mbili za mwanzo. Waache wacheke. Laptopu kuukuu inaibeba bila kuhema.

Ukitaka ujenzi wa matofali unaofanana na gemu ya Minecraft, ipo Luanti, ambayo zamani iliitwa Minetest, nayo ni ya bure. Ukifundisha historia, Freeciv inakupa madola, kodi na vita, ila inahitaji muda ambao ratiba zetu hazina.

Icheze mwenyewe jioni mbili nzima. Mwalimu anayetafuta kitufe mbele ya Kidato cha Pili amekwisha.

3. Watu wa kuwaona mapema

Mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma waone andalio la somo kabla hawajasikia makelele. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unadai umahiri, kwa hiyo andika umahiri wenyewe: mwanafunzi aweze kutoa hoja, kuitetea kwa ushahidi na kuibadilisha. Wazazi ni suala jingine. Kwa wengi wao neno gemu ni zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, zilizomaliza hela za dukani. Hawajakosea kuogopa. Nilimwalika mzee mmoja wa bodi akae darasani. Akaishia kugombea kusema.

Simu za wanafunzi zibaki nyumbani kama kawaida. Hatuzihitaji.

4. Kaeni kama baraza la madiwani

Laptopu moja ikiwa na wanafunzi sabini, kupanga foleni ya kucheza ni kuua somo. Wagawe makundi saba ya watu kumi. Moshi ni manispaa, ina meya na madiwani, basi tumia kilichopo: kundi la wakazi, la wafanyabiashara, la wenye viwanda, la watunza hazina, la zimamoto na polisi, la wakulima wa pembezoni, na la waandishi wa muhtasari wanaorekodi nani alisema nini.

Anayeshika kipanya anaitwa "mkono". Mkono hauna kura wala maoni. Unajenga kilichopitishwa na baraza, basi. Mafundi wa vibandani usiwape kazi hiyo kamwe. Mpe msichana au mvulana ambaye hajawahi kugusa kompyuta, kwa sababu atauliza "niweke wapi?" na swali hilo litalazimisha wengine waseme. Wale mafundi wapeleke kwenye muhtasari. Watateseka kidogo, lakini wataandika vizuri kuliko mtu yeyote kwa sababu wanaona makosa yote na hawaruhusiwi kuyarekebisha.

5. Cheza dakika kumi, kisha zima picha

Hapa ndipo kipindi kinapopona au kufa. Mchezo ni dakika kumi, kumi na mbili zikizidi. Ukifika kwenye uamuzi mgumu, bonyeza kitufe cha projekta kinachozima picha. Usifunike lenzi kwa daftari. Nilifanya hivyo na daftari la mtoto wa watu likaanza kunuka moshi. Picha lazima ipotee, maana skrini ikiwaka macho yote yako huko na midomo imefungwa.

Wapi pa kusimama? Pa kwanza ni umeme. Kwenye Micropolis ngazi rahisi mnaanza na hazina ya 20,000. Mtambo wa makaa ya mawe unagharimu 3,000 na unachafua hewa. Wa nyuklia ni 5,000, hautoi moshi, ila ukiharibika umeharibika. Nyumba zisizo na umeme hazikui. Zima picha hapo hapo. Pa pili ni bajeti ya mwisho wa mwaka: gemu inaanza na kodi ya asilimia 7, nanyi mnaamua kama ipande na nani akatwe kati ya barabara, polisi na zimamoto. Pa tatu ni pale gemu inapoonyesha maoni ya wananchi kuhusu meya na kero zao kubwa.

Picha ikizimika, usiulize swali la jumla. "Mnaonaje?" huzaa kimya. Sema: "Kila mtu aandike sentensi moja: ungechagua mtambo upi, na nani ataumia kwa uamuzi wako." Dakika tatu za kalamu tu. Mtoto mwenye sentensi mkononi haogopi kusimama, kwa sababu akitetemeka atasoma.

Halafu subiri. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema tena. Sekunde kumi za kimya ni ndefu kama ibada ya Ijumaa Kuu, lakini ukizikatisha wewe, watajifunza kwamba wakinyamaza utajijibu.

Lugha nayo. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mitihani ni ya Kiingereza, najua. Lakini sijawahi kuona mtoto wa Kidato cha Pili akikasirika kwa hoja katika lugha anayoitafuta neno kwa neno. Kwangu ubishi ni kwa Kiswahili, na kundi la muhtasari linaandika hoja tatu bora kwa Kiingereza ubaoni, darasa zima likisaidia kutafuta maneno. Kiingereza chao kimeongezeka, kwa sababu sasa kuna jambo wanalotaka kulisema.

Kwa wale wasioacha kusema nagawa maharage. Kila mmoja anapewa punje tatu, na kila akisimama anatoa punje moja. Zikiisha, anasikiliza. Mara ya kwanza mvulana mmoja alizimaliza ndani ya dakika nne na kuomba mkopo.

Na wewe mwalimu, ficha upande wako. Shuleni kwetu maoni ya mwalimu ndiyo jibu. Ukisema "mimi naona nyuklia ni bora" umelisindikiza darasa nyumbani. Mimi huvaa uhusika: "Leo mimi ni mwekezaji, nataka kiwanda cha ngozi kando ya mto, nitaajiri watu mia mbili." Kumpinga mwekezaji hakuna utovu wa nidhamu. Watakupinga mpaka ufurahi.

6. Waambie watafute uongo wa gemu

Kila gemu ya namna hii ni maoni ya mtu kuhusu jinsi dunia inavyokwenda, yaliyofichwa ndani ya hesabu. Will Wright mwenyewe aliathiriwa na kazi ya Jay Forrester wa chuo cha MIT cha Marekani, mhandisi aliyejaribu mwishoni mwa miaka ya 1960 kuweka mji mzima wa Kimarekani kwenye milinganyo ya kompyuta. Basi mji mnaouona pale una tabia za miji ya kwao. Waambie wanafunzi hivyo wazi, kisha uwape kazi: andikeni vitu vyote vilivyopo kati ya stendi ya Moshi na Soko la Mbuyuni ambavyo gemu haivijui.

Orodha itajaa ubao. Maji ndiyo ya kwanza. Toleo lile la 1989 halina mabomba, yalikuja na SimCity 2000 mwaka 1993. Shule huwezi kujenga. Machinga hawapo, bodaboda hawapo, mama lishe hawapo, mgomba hauoti nyuma ya nyumba ya mtu. Gemu inagawa ardhi mafungu matatu, makazi, biashara na viwanda, kila moja mahali pake. Hapo mwulize mwanafunzi anayelala nyuma ya duka la mama yake, ambako mjomba anachomelea mageti uani: "Nyumba yenu ni fungu lipi?"

Jambo la reli ni tamu zaidi. Ndani ya gemu, msongamano huhesabiwa barabarani tu, hivyo mchezaji mjanja hujenga mji wa reli tupu bila barabara hata moja, na foleni zinatoweka. Wanafunzi wakiligundua hushangilia. Wakishangilia, uliza mbona Moshi, yenye reli tangu enzi za Wajerumani, ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria hadi ilipopiga honi tena 2019. Nani alikuwa anabeba abiria muda wote huo, na angefurahi reli ikirudi? Sikulipangia swali hili muda. Lilikula kipindi kizima.

7. Mradi: kitu kimoja kilichokosekana, wiki tatu, kwa miguu

Darasa lichague kwa kura kitu kimoja tu kutoka kwenye ile orodha. Vikiwa viwili hamtamaliza hata kimoja. Sisi tulichagua maji, na swali tukalipunguza mpaka likatosha kutembewa: *Katika mtaa unaozunguka shule yetu, nani anapata maji, saa ngapi, na nani anaamua?*

Wiki ya kwanza ni barua na maswali. Barua ya mkuu wa shule iende kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Maswali yapimeni hadharani kabla ya kutoka. "Je, maji yanatosha?" litupwe, maana kila mtu atajibu hayatoshi. "Jana mlichota ndoo ngapi, na safari ya mwisho ilichukua muda gani?" linaleta namba. Wafundishe pia adabu ya mlango: shikamoo, jitambulishe umetoka shule gani, eleza shida, na mama akiwa anamenya ndizi usimwambie asimame.

Wiki ya pili ni kupima. Vifaa ni ndoo ya lita 20 na saa. Pimeni sekunde ndoo inavyojaa kwenye bomba lile lile alfajiri, mchana na jioni. Ikijaa kwa sekunde 40, ni lita 30 kwa dakika, sawa na lita 1,800 kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 100 jioni, imeshuka hadi lita 720. Mwalimu wa hisabati atakushukuru. Watembee wanne wanne, wasivuke mito wakati wa masika, na wa alfajiri wawe wale tu wanaoishi jirani na bomba.

Wale wanaotoka milimani waachie mifongo. Hii ni mifereji ya asili ya Wachagga inayochepusha maji kutoka mabondeni na kuyapeleka vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, na ilinywesha migomba karne kadhaa kabla hapajawa na bili. Mfongo una zamu, una siku ya kusafisha ambayo kila kaya hutoa mtu, na una mzee anayejua nani kafungulia maji usiku zamu si yake. Yule msichana wa Uru alimleta babu yake darasani. Babu alieleza adhabu ya asiyekuja kusafisha: zamu yake inarukwa. Mvulana mmoja akauliza, "Na kama alikuwa mgonjwa, babu?" Mzee akakaa kimya kidogo, akasema hilo lilikuwa linajadiliwa. Darasa likapata sheria ya kubishania isiyotoka kwenye kitabu wala kwenye gemu.

Kwa mwenzangu wa Arusha, mradi wa maji una sura nyingine. Maji mengi yanayozunguka Mlima Meru hubeba floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na watoto waliokua wakiyanywa wana meno ya kahawia. Wapo darasani mwako. Usimgeuze mtu kuwa mfano. Anza na ramani ya vyanzo, watajitokeza wenyewe wakitaka. Au acha maji kabisa, hesabuni wapita kwa miguu, machinga na magari pale Soko la Kilombero kwa saa moja.

Neno kuhusu nguvukazi. Mwaka 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule zinazomtenga mtoto na maisha ya watu wake. Wengi wetu tuliisoma kwa jembe: kujitegemea kwetu kulikuwa kubeba samadi na kulimia walimu. Mradi ambao mwanafunzi hakuuliza swali lolote ndani yake ni kibarua. Ukiona umewatuma kufyeka ukaita mradi, rudi hatua ya kwanza.

8. Rudini barazani na namba

Wiki ya tatu kila kundi linachora au kujenga mtaa wake upya: manila, katoni, udongo, mirija kwa mabomba. Kisha baraza linakaa kama mwanzo, ila sasa hakuna hoja bila kipimo au bila mtu aliyehojiwa. Mwaliko uende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa fundi bomba. Fundi ndiye muhimu. Atawaambia kwa nini bomba haliwezi kupanda kilima walichokichora.

Wakisema ni mchezo wa watoto, wape mfano wa jirani. Tangu 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake Nairobi, imeshirikiana na watengenezaji wa Minecraft katika mpango uitwao Block by Block, ambapo wakazi wa mitaa husanifu upya viwanja na masoko yao ndani ya gemu, kisha michoro hiyo huingizwa kwenye ujenzi halisi.

9. Alama

Natoa alama 20. Tano ni za kipimo kilichofanywa kwa uangalifu, tano za kueleza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali, na kumi ni za aya moja: "Nilikuwa naamini hivi, sasa naamini hivi, kilichonibadilisha ni hiki." Asiyebadilika apewe alama zote akionyesha alichokipima na kwa nini hakikumtikisa. Uzuri wa mji kwenye skrini hauna alama.

Umeme ukikosekana

LUKU huisha, na projekta huazimwa na mwingine. Siku hizo wewe ndiye kompyuta. Mwaka 1971 huko Minneapolis, Marekani, mwalimu mwanafunzi wa historia, Don Rawitsch, na wenzake wawili alioishi nao chumba kimoja walitunga gemu ya Oregon Trail, na wanafunzi wake waliicheza kwenye mashine isiyo na skrini, iliyochapa majibu kwenye karatasi tu. Kwa hiyo chora gridi ubaoni, visanduku kumi kwa kumi. Chaki nyeupe ni makazi, ya njano biashara, nyekundu viwanda, ya bluu mto. Hazina ihesabiwe kwa maharage, punje moja ni mia. Majanga yaandike kwenye vikaratasi uvitie kwenye kopo: mafuriko, moto sokoni, bei ya kahawa kushuka, bomba kuu kupasuka. Kila baada ya maamuzi matatu mwanafunzi mmoja anachomoa. Hapa unaweza hata kuongeza kile gemu ilichosahau: weka mfongo kutoka kona ya juu ya ubao, uone kundi la viwanda na kundi la wakulima wanavyotazamana.

Manila za mwaka huu usizitupe. Zitie tarehe na vipimo, uzifungie kabati la ofisi, ili Kidato cha Pili wa mwakani waende na ndoo kwenye bomba lile lile na waanze kwa kuuliza zile sekunde 40 zimekuwa ngapi.